"Mwandishi tu": Gamal Nkrumah na kazi aliyoianza baba yake

Ghana imerudi kwenye umoja. Sisemi umoja wa Afrika aliouhubiri Kwame Nkrumah, kiongozi wa kwanza wa Ghana huru, nasema umoja wa kisarufi. Mwaka 2009 serikali ya John Atta Mills iliifanya Septemba 21, tarehe aliyozaliwa Nkrumah, kuwa Siku ya Mwasisi. Mwaka 2019 serikali ya Nana Akufo-Addo ikaihamishia sherehe hiyo Agosti 4 na kuiita Siku ya Waasisi, Septemba 21 ikaachwa iwe siku ya kumkumbuka Nkrumah peke yake. Mwaka 2025, chini ya John Mahama, sheria ya sikukuu ikabadilishwa tena, Septemba 21 ikarudi na heshima yake, na mwasisi akawa mmoja. Mwanafunzi wa darasa la tatu atakwambia kuwa mwasisi na waasisi ni ngeli ile ile. Kwa Waghana ni mapokeo mawili ya kisiasa, la wanaomtukuza Nkrumah peke yake na la wanaotaka wenzake nao watajwe, na ni ugomvi wa karibu miaka 80, tangu chama cha UGCC kilipoanzishwa Saltpond, Agosti 4, 1947, J.B. Danquah akiwa miongoni mwa viongozi wake, na Nkrumah akaitwa kutoka London aje kuwa katibu.

Kila mara sikukuu hiyo inapobishaniwa huzuka swali la pembeni, ambalo nadhani ndilo watu hulipenda zaidi: watoto wake wako wapi, na nani kati yao amebeba kazi ya mzee? Afrika Mashariki swali hilo tunalijua kwa moyo. Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, matanga hayajaanuliwa watu walikwishaanza kupima ni nani ndani ya ukoo avishwe kofia. Zanzibar imekuwa na Rais Karume baba na Rais Karume mwana, na leo ina Rais Mwinyi mwana baada ya Mwinyi baba. Botswana ilikuwa na Khama wawili. Tumezoea kuiona Ikulu kama shamba la urithi, na mtoto asiyekwenda kulidai tunamhesabu kuwa amelipoteza.

Niliwahi kukaa kijiwe cha kahawa Dar es Salaam nikamsikiliza mzee mmoja mwenye kumbukumbu kali akiwapanga watoto wa Nkrumah kama kocha anayepanga timu. Francis, mkubwa wao, daktari wa watoto, huyo siasa hakuitaka. Samia, mbunge, mwenyekiti wa chama cha baba yake, huyo ndiye mshambuliaji. Sekou naye alijaribujaribu. "Na Gamal?" mtu akauliza. Mzee akaweka kikombe chini. "Gamal akawa mwandishi tu." Mazungumzo yakahamia mpira wa kweli.

Hilo "tu" ndilo ninalobishana nalo hapa, maana si la mzee yule peke yake. Nadhani tumeisoma historia ya uhuru kuanzia mwisho. Tunaanzia Ikulu, kwenye picha ya bendera inayopandishwa usiku wa manane, kisha tunamtazama mtoto kwa kumlinganisha na picha hiyo. Tungeanzia mwanzo tungemkuta baba kwenye meza ya gazeti, wino vidoleni, akidaiwa fidia ya kashfa mahakamani. Katika watoto wa Nkrumah, aliyeishika kazi ile ile aliyoanza nayo baba ni huyu wa gazetini. Lakini simletei hoja hii ili nimpambe. Aliyerithi kazi alirithi pia kasoro yake, nayo ni ule uhusiano mgumu kati ya waliopigania uhuru na magazeti yaliyowafikisha kwenye uhuru huo.

Tuanze na baba. Nkrumah alipokuwa mwalimu kijana katika miaka ya 1930, mmoja wa waliomwamsha kisiasa alikuwa Nnamdi Azikiwe, Mnigeria aliyekuja Accra kuhariri gazeti la African Morning Post. Mwaka 1936 Azikiwe alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala iliyoandikwa na I.T.A. Wallace-Johnson, akatiwa hatiani, akashinda rufaa, akarudi kwao Lagos na mwaka 1937 akaanzisha West African Pilot. Miaka 23 baadaye akawa Gavana Mkuu wa Nigeria, kisha Rais wake wa kwanza. Nkrumah aliifuata njia hiyo karibu hatua kwa hatua. London mwaka 1946 alitoa jarida la The New African. Aliporudi nyumbani na kukorofishana na wakubwa wa UGCC, alizindua Accra Evening News, Septemba 3, 1948. Chama chake cha CPP kilizaliwa Juni 1949. Kwa hiyo gazeti lilikitangulia chama kwa miezi tisa, na nathubutu kusema ndilo lililokizaa. Kwenye kichwa cha gazeti hilo palikuwa na kauli ambayo kwa Kiswahili ningeiweka hivi: afadhali kujitawala pamoja na hatari zake kuliko utumwa wenye utulivu. Mtu aliyelinunua asubuhi alikuwa ameshabeba ilani ya chama kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Mwaka 1950 alipofungwa, kifungo chake cha miaka mitatu hakikutokana na mgomo aliouitisha dhidi ya wakoloni peke yake. Mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu ulikuwa wa uchochezi, kwa makala iliyochapwa Cape Coast. Ndani ya gereza la James Fort alikosa karatasi, akawa anaandika kwa kipande cha penseli kwenye karatasi za chooni, maandishi yakitoroshwa nje kwenda kwa wenzake. Ninaipenda picha hiyo kuliko ile ya usiku wa Machi 6, 1957. Gereza lilikuwa limeshamnyang'anya mtu huyu jukwaa, wafuasi na kipaza sauti, naye alichokitafuta kwanza ni kitu cha kuandikia.

Wala si yeye peke yake. Jomo Kenyatta mwaka 1928 alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu. Mwalimu Nyerere alikuwa na Sauti ya TANU, na mwaka 1958 alisimama mahakamani Dar es Salaam kwa kosa la kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili kupitia kijarida hicho. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita, akalipa. Hata Danquah, ambaye jina lake ndilo linalovutana na la Nkrumah katika ugomvi huu wa sikukuu, alianzisha gazeti la kila siku Accra mwaka 1931. Ukichukua mwasisi mmoja au waasisi wengi, upande wowote wa ugomvi wa Ghana, utakuta wahariri. Katika kizazi hicho hakuna aliyeweza kutamka "mwandishi tu" bila kujitukana.

Sasa mtoto. Gamal alizaliwa mwaka 1959 na akapewa jina la Gamal Abdel Nasser, Rais wa Misri. Mama yake, Fathia Rizk, alikuwa Mkristo wa Kikopti wa Cairo aliyeolewa na Nkrumah mwishoni mwa Desemba 1957, saa chache baada ya kushuka Accra. Kwa upande wa baba ni Mnzema wa Nkroful, kijiji cha kusini-magharibi kabisa mwa Ghana. Februari 24, 1966, Nkrumah akiwa safarini kuelekea Hanoi na ndege yake imeshafika Beijing, wanajeshi na polisi walimpindua. Sanamu yake mbele ya Bunge iliangushwa na kukatwa kichwa. Leo imewekwa ndani ya bustani ya kumbukumbu yake Accra, kiwiliwili upande mmoja na kichwa kwenye kiweko chake. Fathia na watoto wake watatu walipelekwa Cairo kwa msaada wa Nasser. Baba alikwenda Conakry, ambako Rais Sékou Touré wa Guinea alimfanya rais mwenza, na hakuishi tena na mke na watoto wake hadi alipofariki Bucharest, Aprili 27, 1972. Tangu akiwa na miaka sita au saba, basi, Gamal alimjua baba kwa njia ya maandishi na masimulizi. Baba naye huko Conakry alirudi kwenye kazi yake ya zamani: aliandika vitabu na barua bila kupumzika, na akawahutubia Waghana kupitia redio ya Guinea.

Katika miaka ya 1970 familia ilirudi Ghana kwa mwaliko wa serikali ya Jenerali Acheampong, baadaye ikaondoka tena. Gamal alisomea siasa London hadi uzamivu, kisha akaweka makazi Cairo na kuwa mhariri wa habari za kimataifa wa Al-Ahram Weekly, gazeti la Kiingereza lililoanzishwa mwaka 1991 na shirika la Al-Ahram. Kwa miaka mingi jina lake lilisomwa juu ya makala za Sudan, Pembe ya Afrika na Afrika Magharibi, na juu ya wasifu wa watu. Maisha ya namna hiyo hayapigiwi mizinga. Ni kazi ya tarehe za mwisho za kupeleka kurasa mitamboni, ya kubishana kuhusu kichwa cha habari, na ya kuanza upya wiki inayofuata kana kwamba wiki iliyopita haikuwapo.

Wapo wanaosema kwamba huo ni upotevu. Hoja yao hunifikia kwa sura mbalimbali, lakini kiini chake ni kwamba jina kubwa ni mtaji wa taifa, na mwenye nalo akiliweka juu ya makala badala ya kuliweka kwenye karatasi ya kura, ameufukia mtaji ardhini. Hii naiona dhaifu kuliko zote, na Ghana yenyewe imeshaipima. Samia Nkrumah aligombea ubunge jimbo la Jomoro mwaka 2008, katika ardhi ya Wanzema, watu wa baba yake, akashinda. Ulikuwa ushindi wa heshima. Mwaka 2011 akawa mwenyekiti wa CPP. Mwaka 2012 akakipoteza kiti cha Jomoro, na chama kilichoitawala Ghana kuanzia uhuru hadi mapinduzi kikabaki bila hata mbunge mmoja. Samia hakuwa mvivu wala hakuwa na aibu ya jina lake. Tatizo ni kwamba wafuasi wa Nkrumah walishagawanyika vyama vingi, wengine wakamezwa na NDC, chama cha Mahama, na hakuna ukoo unaoweza kurudisha kwa damu kile kilichotawanywa na miaka arobaini ya siasa. Anayesema Gamal angeingia siasani mambo yangekuwa mengine hanipi sababu yoyote isipokuwa kwamba ni mtoto wa kiume. Hiyo nayo aiseme waziwazi tuijadili kwa jina lake.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema mtoto wa Rais aliyepinduliwa hawezi kuwa mwandishi wa haki, kwa sababu kila akigusa Afrika atakuwa anamtetea baba. Nakubali nusu. Sijui mwandishi anayeweza kuandika habari za mapinduzi ya Accra kwa ubaridi, huku akikumbuka jinsi alivyotolewa nchini mwake akiwa mtoto. Lakini kuna upendeleo uliojificha na kuna upendeleo ulioandikwa juu ya makala kwa herufi nzito. Msomaji akiona "Nkrumah" anajua anayesema naye ni nani, anaweka chumvi yake mwenyewe. Vyumba vyetu vya habari vimejaa watu ambao majina yao hayasemi lolote, nao wanaandika kwa niaba ya shemeji aliye wizarani, au mwenye tenda, au chama kilicholipa usafiri wa mwandishi, na msomaji hana pa kushikia. Huko ndiko ningepeleka hasira yangu kwanza.

Wengine huongeza kwamba jina lilimfungulia mlango. Bila shaka lilimfungulia. Mtoto wa Nkrumah, mwenye jina la Nasser, mjini Cairo, hakupanga foleni pamoja na vijana wa kawaida waliotafuta kazi Al-Ahram, na mwandishi mzuri wa Shubra au Aswan asiye na jina hilo huenda yupo mahali anauza simu. Dhuluma hiyo ni ya kweli. Ila jina hukupitisha mlangoni siku moja. Gazeti la kila wiki lina kurasa zinazorudi tupu kila wiki, na ukurasa mtupu hauulizi ukoo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua nilipokuwa nikiandika haya, na sina jibu lake lililokamilika. Al-Ahram si gazeti lolote lile. Liliasisiwa mwaka 1875 na ndugu wawili kutoka Lebanon, na mwaka 1960 Nasser alilitaifisha pamoja na magazeti mengine makubwa ya Misri. Tangu hapo, wahariri wake wakuu wamekuwa watu wanaokubalika kwa dola. Je, mwana wa mpigania uhuru anaweza kuwa mwandishi huru ndani ya gazeti la serikali?

Ili tulijibu swali hilo kwa haki inabidi kwanza turudi kwa baba, na hapa wapenzi wa Nkrumah huanza kukunja uso. Mtu aliyefungwa kwa makala, alipopata dola aliwafunga wenye makala. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1958 iliruhusu mtu kushikiliwa hadi miaka mitano bila kesi. Ashanti Pioneer, gazeti la Kumasi lililokuwa likimpinga, liliwekewa mkaguzi wa kulisoma kabla halijachapwa, na mwaka 1962 likafungwa. Danquah, mwanagazeti mwenzake, alifia gereza la Nsawam, Februari 4, 1965. Novemba 1963, akiwahutubia waandishi wa Afrika waliokusanyika Accra, Nkrumah aliwaeleza kwamba gazeti la Mwafrika ni chombo cha mapambano, halipo kwa ajili ya faida ya mwenye mali. Kwa maneno yenyewe sina ugomvi naye. Ninachouliza ni haya: chombo cha mapambano kikishikwa na aliyeko madarakani, kinapambana na nani?

Wala tusimcheke Ghana. Februari 1970 Mwalimu alilitaifisha The Standard na kumkabidhi uhariri Frene Ginwala, mwana ANC kutoka Afrika Kusini, kwa ahadi kwamba litakuwa gazeti la kijamaa lenye uhuru wa kukosoa. Mwaka uliofuata likachapa tahariri ya kumlaani Rais Nimeiri kwa kuwanyonga wakomunisti wa Sudan, na Ginwala akaondolewa. Mwaka 1976 tukapata Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa tangazo tu, na sheria hiyo ikaishi miaka 40. Yule yule aliyelipa faini ya shilingi 3,000 mwaka 1958.

Nikimtazama Gamal kwenye meza yake Al-Ahram namuona amekaa katikati kabisa ya tatizo hilo. Waandishi waliofanya kazi magazeti ya serikali, Cairo au Dar es Salaam, wanajua siri moja ambayo haiandikwi kwenye mikataba: dawati la kimataifa ndilo kimbilio. Huwezi kuandika habari za waziri wako, lakini unaweza kuandika habari za waziri wa nchi ya tatu, na msomaji mwerevu atafika nyumbani mwenyewe. Unaweza kulaani udikteta wa mbali kwa ukali ambao ungekugharimu kazi ukiusogeza kilomita chache. Kisa cha Ginwala kinaonyesha kwamba hata kimbilio hilo lina paa linalovuja. Na kwa mwandishi wa Cairo liko jambo moja la kimataifa ambalo si la kimataifa hata kidogo, nalo ni maji ya Nile. Mkataba wa mwaka 1959 ulizigawia Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan bilioni 18.5, na nchi za juu ya mto hazikupewa hata kikombe. Tanganyika ilikwishasema mapema, mara tu baada ya uhuru, kwamba haitafungwa na mikataba ya mkoloni kuhusu mto huo. Septemba 2025 Ethiopia ilizindua bwawa lake kubwa bila maafikiano na Cairo. Anayeandika habari za Nile kutoka Cairo hana uhuru alio nao anayeandika kutoka Mwanza. Awe ni mtoto wa mhubiri mkuu wa umoja wa Afrika, akae ndani ya gazeti la dola inayoamini maji hayo ni uhai wake, basi kila sentensi yake imekaa kwenye ukingo wa kisu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Hapana, hakuwa huru kwa kipimo cha vitabu vya uandishi. Lakini kuna kazi ambayo gazeti hilo liliweza kuifanya na ambayo magazeti mengi huru ya Afrika hayakuifanya: kumweka Mwafrika wa kusini mwa Sahara kwenye ukurasa wa Mmisri kila wiki, si kama mkimbizi wala mgonjwa, bali kama mwanasiasa mwenye hoja. Misri ni nchi inayojisahau mara kwa mara kwamba iko Afrika. Mwaka 1964, katika mkutano wa wakuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliofanyika Cairo hiyo hiyo, Nyerere alimshambulia Nkrumah kwa maneno makali kuhusu serikali moja ya Afrika, akiona mwenzake anatumia wimbo wa umoja kubomoa umoja mdogo uliokuwa ukijengwa. Machi 1997 Mwalimu alisimama Accra, kwenye miaka 40 ya uhuru wa Ghana, akakiri kwamba kizazi chao kilishindwa kuiunganisha Afrika. Katikati ya tarehe hizo mbili marais walikuwa wameacha kuusema umoja isipokuwa siku za sherehe. Kuukumbusha kila wiki, kwa makala ya maneno elfu moja yenye majina ya watu na miji, kuliachiwa waandishi.

Ningependa msomaji asome, akiupata, wasifu wa Fathia uliotoka Al-Ahram Weekly Septemba 2000. Aliyeuandika ni mwanawe. Ni maandishi ya mhariri aliyekomaa, anayejua kujizuia. Tunakutana na binti wa mjane, mama yake akiwa amelea watoto peke yake, binti aliyesomeshwa na masista wa Kifaransa na kupata kazi benki. Tunamuona mama huyo akikataa kutoa radhi kwa ndoa, kwa sababu alishampoteza mtoto wa kiume aliyeoa Mwingereza na kuondoka Misri, na sasa anaombwa amtoe binti kwa mgeni mwingine. Tunamuona bibi harusi anayeolewa na mwanamume ambaye hawana lugha ya kuongea naye vizuri. Ndoa hiyo imeandikwa mara nyingi kama mkakati wa kidiplomasia, Accra na Cairo zikiunganishwa kwa pete. Mtoto hakukanusha siasa iliyokuwamo. Alichofanya ni kumrudisha mwanamke ndani yake, na kazi hiyo mwanadiplomasia asingeiweza, wala mbunge. Fathia alifariki Cairo mwaka 2007 na kuzikwa Accra, pembeni mwa mumewe.

Ndiyo maana naona tunawauliza watoto wa waasisi swali lisilo lao. Tunawauliza watagombea lini. Wengi hawana cha kutupa huko, na wachache wenye nacho wanatupa kwa bei kubwa, maana ukoo ukishaingia kwenye kura, mjadala wa sera hugeuka kuwa mjadala wa ukoo. Walicho nacho kwa hakika, ambacho hakuna mwingine anacho, ni walichokiona wakiwa wadogo, walichosimuliwa jikoni, na makaratasi yaliyo kwenye masanduku chini ya vitanda. Hapa Tanzania ni familia ngapi za waliokaa kwenye kamati za TANU ambazo zina barua na picha ambazo mchwa wanazisoma kabla ya wanahistoria? Tuna ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulichorwa hadi kwenye noti ya shilingi 500. Noti tuliitumia miaka, lakini sina hakika kama mwanafunzi anayefanyia mtihani ndani ya ukumbi huo amewahi kuonyeshwa nakala moja ya Accra Evening News.

Nao Ghana wana lao. Wamebishana miaka mingi kuhusu tarehe ya kumheshimu mwandishi yule wa karatasi za chooni, wakabadili sheria mara mbili ndani ya miaka saba. Wakati huo huo sehemu kubwa ya makaratasi yake ya Conakry, barua alizoandika wakati mke na watoto wake wako Cairo, imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mghana anayetaka kuzishika kwa mkono wake anaanzia ubalozini, kuomba viza ya Marekani.